Moshi, Risasi na Shabaha

  

Leo tutazungumza juu ya silaha za zamani, zile zinazopiga risasi ya madini laini. Tutajifunza kwa nini hutoa moshi, kwa nini mtutu wake hupakaa madini, na kwa nini risasi haiendi pale ilipoelekezwa. Mwisho tutatazama jambo lililo kubwa kuliko yote: nini ufanye ukikuta risasi kuukuu nyumbani au shambani.

Labda mmoja wenu anasema, "Mimi ni mkulima wa mtama na uwele. Bunduki yanihusu nini?" Ndugu yangu, yakuhusu. Nchi yetu hii ya kati, toka Mpwapwa hadi Manyoni na toka Kondoa hadi kusini mpaka Iringa, ilipitiwa na misafara ya pembe, kisha na majeshi, kisha na wawindaji. Watu hao walipita, lakini si kila kitu chao kilikwenda nao. Mtoto akichimba shimo au mjukuu akifungua sanduku la marehemu babu yake, huenda akakuta kitu kizito chenye rangi ya majani makavu. Aliye na elimu atajua ni nini. Asiye nayo atakigonga kwa jiwe.

MANENO YA SOMO

Tuanze na neno lenyewe: risasi. Neno hili lina maana mbili. Maana ya kwanza ni madini mazito ya kijivu, laini, ambayo waweza kuyakwaruza kwa ukucha. Maana ya pili ni kile kitu kinachotoka katika bunduki. Maana hizo mbili zina jina moja kwa sababu zamani kila kilichotoka katika bunduki kilitengenezwa kwa madini hayo. Jina lenyewe tulilipata kwa Waarabu, nao huyaita madini hayo hivyo hivyo.

Ili tusichanganyikiwe, leo tutasema "madini ya risasi" kwa maana ya kwanza. Kile kinachoruka tutakiita "kichwa cha risasi". Kitu chote kizima kabla hakijapigwa tutakiita "risasi nzima". Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba ya njano, fataki iliyo katika kitako cha ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa kilicho mbele. Nyundo ya bunduki hugonga fataki. Fataki hutoa cheche, cheche huwasha baruti, nayo baruti hugeuka kuwa hewa ya moto inayosukuma kichwa nje kupitia mtutu.

Rivolva ni bastola yenye silinda, yaani kidude cha duara chenye matundu, mara nyingi 6. Kila tundu hubeba risasi moja. Silinda huzunguka, na kila mara tundu moja husimama nyuma ya mtutu.

Gobore ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomo: kwanza baruti, kisha kitambaa au nyuzi, kisha kichwa cha risasi, vyote vikisukumwa kwa mdeki, yaani ule ufito wa kushindilia.

MOSHI HUTOKA WAPI?

Baruti ya zamani, ile nyeusi, ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, kiberiti na mkaa. Ikiwaka haigeuki yote kuwa hewa. Zaidi ya nusu ya uzito wake hugeuka kuwa vumbi laini sana la chumvichumvi na masizi. Vumbi hilo ndilo moshi mweupe mnene unaouona. Jingine hubaki ndani ya mtutu.

Tuchukue mfano. Bunduki ya Kijerumani aina ya Mauser ya mwaka 1871 ilikuwa na mtutu wenye upana wa milimita 11. Risasi yake moja ilibeba baruti gramu 5 na kichwa cha madini ya risasi cha gramu 25. Askari akipiga mara 10, ameunguza gramu 50 za baruti, na zaidi ya gramu 25 zimekuwa moshi na uchafu.

Mwaka 1884 Mfaransa mmoja, Paul Vieille, alitengeneza baruti ya namna nyingine ambayo hugeuka karibu yote kuwa hewa. Mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya kuitumia, na mwaka 1888 Wajerumani wakafuata. Tangu hapo dunia ikawa na baruti mbili: ya moshi na isiyo na moshi.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa pana jambo linalotuhusu. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels, nchini Ubelgiji, yalitia sahihi mkataba. Mkataba huo ulikuwa na maneno mengi ya kuzuia biashara ya watumwa. Lakini pia ulizuia bunduki za kisasa na baruti bora zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, na nchi yetu ilikuwa ndani ya mipaka hiyo. Kilichoweza kuruhusiwa ni bunduki za gumegume, zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya kuuzwa madukani. Kwa hiyo wazee wetu hawakubaki na gobore kwa sababu ya ujinga. Bunduki nzuri zilifungiwa njia, na moshi ukaachiwa mwenyeji.

MOSHI ULIVYOUMIZA MAJESHI

Moshi si jambo la macho kuwasha tu. Humwonyesha adui mahali ulipo.

Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, waliwapa askari wao Waafrika bunduki zile za mwaka 1871. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari hao bado zilikuwa na bunduki hizo hizo, wakati huko Ulaya zilikwisha kuwa mali ya ghala. Mkuu wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alieleza katika kumbukumbu zake kwamba porini moshi ulikuwa hasara kubwa. Mtu anayepiga bila moshi hata jicho kali halimwoni, lakini anayepiga kwa baruti nyeusi amejitangaza mwenyewe.

Mwezi Novemba 1914 Waingereza walishindwa katika mapigano ya Tanga. Walipoondoka waliacha bunduki 455, bunduki za rasharasha 16 na risasi zipatazo 600,000. Kwa mkuu yule, mali hiyo ilikuwa na faida kubwa, maana iliwatosha askari wa kampuni tatu kuacha bunduki za moshi na kushika za kisasa.

Vita hivyo vilifika kwetu pia. Mwezi Mei 1916 palikuwa na mapigano makali Kondoa Irangi, na mwisho wa Julai mwaka huo jeshi la Jenerali van Deventer liliingia Dodoma.

MOSHI WA NAMNA YA PILI

Huenda mtu akasema, "Risasi yangu ni ya baruti isiyo na moshi, mbona bado inatoa moshi?" Swali zuri. Kichwa cha madini ya risasi hupakwa mafuta au nta ili kiteleze ndani ya mtutu. Moto wa baruti hugusa kitako cha kichwa na kuunguza mafuta yale. Kwa hiyo katika rivolva ya kichwa laini, sehemu kubwa ya moshi ni mafuta yanayoungua.

Utatofautishaje? Moshi wa baruti nyeusi hunuka kama yai bovu, kwa sababu ya kiberiti, na uchafu wake huyeyuka kwa maji. Moshi wa mafuta ni mwepesi, hunuka kama mshumaa uliozimwa, na uchafu wake hushika vidole kama mafuta ya taa. Dalili moja, sababu mbili. Asiyejua sababu atalaumu baruti bure.

Tena katika rivolva kuna nafasi nyembamba kati ya silinda na mtutu. Hapo moshi na moto hutoka kwa ubavu. Ndiyo maana mtu hashiki rivolva kwa kuweka vidole mbele ya silinda, wala mwenzake hasimami ubavuni pake.

UCHAFU NA HALI YA HEWA YA DODOMA

Sasa tutazame uchafu unaobaki ndani ya mtutu. Uchafu wa baruti nyeusi ni wa chumvichumvi, nao hupenda maji. Mahali penye unyevu, kama pwani, hubaki laini kama tope, na risasi inayofuata huusukuma nje. Lakini kwetu hapa Dodoma mvua ni msimu mmoja tu, kutoka Desemba hadi Aprili, na mwezi wa Agosti hewa ni kavu na upepo unavuma. Katika hewa kama hiyo uchafu hukauka na kuwa mgumu kama ukoko wa ugali chini ya chungu. Mtutu huzidi kuwa mwembamba kila unapopiga. Mdeki wa gobore hukwama, na kichwa cha risasi hukwaruzwa kinapopita.

Walioitumia bunduki hii mahali pakavu walijifunza kuupuliza unyevu wa pumzi katika mtutu uliokwisha funguliwa na kuhakikishwa kuwa mtupu, au kupitisha kitambaa chenye maji kidogo. Mafuta peke yake hayasaidii. Uchafu wa chumvi huondoka kwa maji ya moto na sabuni. Kisha mtutu hukaushwa kabisa, ndipo hupakwa mafuta. Fanya kinyume, yaani mafuta juu ya chumvi, na baada ya mvua ya kwanza utakuta kutu.

Jambo hili lilidanganya wengi hata baada ya baruti nyeusi kwisha. Fataki za zamani nazo ziliacha chumvi inayofanana na ile ya jikoni. Mtutu ulionekana safi, unang'aa, na baada ya wiki umeliwa na kutu.

MTUTU KUPAKAA MADINI

Madini ya risasi ni laini. Huyeyuka kwa joto la nyuzi 327 za sentigredi, na moto wa baruti ni mkali kuliko huo mara nyingi. Lakini kichwa hakiyeyuki chote, kwa sababu hukaa ndani ya mtutu kwa muda mfupi sana. Hupakaa kwa njia mbili: kwa kusuguana na chuma, na kwa hewa ya moto kupenya pembeni na kukikata.

Fikiri juu ya chupa na kizibo. Kizibo kikiwa kidogo, pombe huvuja pembeni. Kichwa cha risasi kikiwa chembamba kuliko mtutu, hewa ya moto huvuja pembeni vivyo hivyo, ikibomoa madini na kuyapaka kwenye chuma.

Basi fundi akitaka kujua ugonjwa hutazama mahali madini yalipoganda. Jifunzeni dalili hizi tatu.

Dalili ya kwanza: madini yameganda nyuma, pale mtutu unapoanza. Mara nyingi kichwa ni chembamba mno, au ni laini kupita nguvu ya baruti yake.

Dalili ya pili: madini yameganda mbele, karibu na mdomo wa mtutu. Hapo mafuta ya kulainisha yamekwisha kabla kichwa hakijamaliza safari. Risasi iliyokaa miaka 50 katika nchi kavu huwa hivyo, maana mafuta yake yamekauka kama ngozi isiyopakwa.

Dalili ya tatu: vipande vya madini hurushwa kwa ubavu wa rivolva. Hapo tundu la silinda halisimami sawasawa na mtutu, na kichwa hunyolewa kinapoingia. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni. Haitibiwi kwa risasi nyingine.

Waliotengeneza silaha walijua mambo haya mapema. Kichwa cha Mauser ya 1871 kilifungwa karatasi ili madini yasiguse chuma, na nyuma yake pakawekwa kipande cha nta. Nta hiyo ni ndugu wa ile mnayoijua ninyi wa Manyoni, Itigi na Kondoa mnapokamua masega. Risasi ya rivolva ya Webley, waliyobeba maafisa wa jeshi la Uingereza, ilikuwa na kichwa cha gramu zipatazo 17 chenye shimo katika kitako. Hewa ya moto iliingia katika shimo hilo, ikatanua kitako, nacho kikaziba mtutu kama kizibo kilichovimba. Wengine walichanganya bati au madini ya antimoni ili kichwa kiwe kigumu zaidi.

Kuna watu husema zebaki huondoa madini ya risasi katika mtutu. Ni kweli kwamba zebaki hushika madini hayo. Lakini mvuke wake ni sumu, nayo hudhuru ubongo na figo. Mwenye silaha halali hutumia brashi ya shaba na subira.

KWA NINI SHABAHA HUPOTEA?

Mtoto akicheza pia, mmeona: pia ikizunguka kwa kasi husimama wima, ikipungua kasi hulala. Kichwa cha risasi ni hivyo hivyo. Ndani ya mtutu wa bunduki na rivolva kuna mifereji inayozunguka kama nyuzi za skrubu. Mifereji hiyo hukizungusha kichwa ili kiruke kimenyooka. Gobore la kawaida halina mifereji, kwa hiyo kichwa chake huruka kama jiwe lililotupwa. Hatua 50 waweza kulenga mnyama. Hatua 150 unaomba Mungu tu.

Mtutu wenye mifereji nao hupoteza shabaha kwa sababu hizi. Mifereji ikijaa madini au ukoko, kichwa hakizunguki vizuri. Kichwa kikiwa chembamba, hewa ya moto hukisukuma upande. Mdomo wa mtutu ukiwa umegongwa, kichwa huinamishwa kinapotoka. Na baruti ikiwa imeharibika kwa miaka, risasi moja hupiga kwa nguvu na nyingine kwa udhaifu, basi moja huenda juu na nyingine chini.

Tazameni jinsi sababu hizi zinavyofuatana. Mafuta yakikauka, mtutu hupakaa. Mtutu ukipakaa, shabaha hupotea. Shabaha ikipotea, mjinga huongeza baruti. Akiongeza baruti, joto na nguvu huzidi, na mtutu hupakaa zaidi, mpaka siku chuma kinapopasuka mbele ya uso wake. Katika vita vya Maji Maji, kuanzia 1905 hadi 1907, wazee waliambiwa kwamba maji yatazuia risasi za Wadachi. Leo mtu anayeamini kwamba baruti nyingi ndiyo dawa ya shabaha mbovu anafuata maji ya namna nyingine.

BUNDUKI BILA RISASI YAKE

Tarehe 17 Agosti 1891, kule Lugalo karibu na Iringa, Wahehe wa Mtwa Mkwawa walilipiga jeshi la Kijerumani la Emil von Zelewski. Walipata bunduki zipatazo 300. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini bunduki ya aina hiyo hailiwi na baruti ya pembeni. Inataka ganda lake la shaba, fataki yake na kichwa chake cha milimita 11, na hivyo vilitoka viwandani Ulaya. Mhunzi wetu aliweza kutengeneza mkuki na jembe, lakini fataki ilikuwa shida kwake. Kila risasi iliyopigwa ilikuwa imekwenda. Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka.

Hapa tunajifunza kwamba silaha na risasi yake ni kama kinu na mchi. Mchi wa kinu kingine hautwangi vizuri, na katika bunduki huua mtwangaji. Risasi inayoingia katika tundu si lazima iwe risasi ya silaha hiyo. Risasi ya baruti mpya yenye nguvu yaweza kuingia katika rivolva iliyotengenezwa kwa baruti nyeusi, na chuma chake kikashindwa.

RISASI ILIYOZEEKA

Risasi nzima huzeeka kwa njia tatu.

Kwanza, fataki na baruti huharibiwa na unyevu. Mwezi Aprili 1915 meli ya Kijerumani ilileta silaha na risasi katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Meli ilishambuliwa ikazama mahali pasipo na kina, na risasi zikaloa maji ya bahari. Zilipoopolewa, watu walikaa wakizifungua moja moja, wakakausha baruti na kusafisha maganda kwa mikono. Hata hivyo risasi nyingi zilikataa kulia.

Pili, ganda la shaba hupasuka. Waingereza huko India waliona maganda yao yakipata nyufa kila masika. Baadaye ilijulikana sababu: risasi ziliwekwa karibu na mazizi, na hewa kali ya mkojo wa wanyama, ikichanganyika na unyevu, huipasua shaba. Mwaka 1921 wataalamu walieleza jambo hilo kwa ukamilifu. Ndugu wa Ugogo, katika tembe mifugo imelala karibu na watu kwa vizazi vingi. Risasi iliyochomekwa juu ya zizi miaka 40 yaweza kuonekana nzima, kumbe ganda lake lina ufa mwembamba kama unywele.

Tatu, mafuta ya kichwa hukauka au huingia ndani na kulowesha baruti.

Risasi ya namna hii inaweza kufanya mambo mawili ya hatari. La kwanza, inagongwa, kimya, kisha inalia baada ya sekunde kadhaa, wakati mtu ameigeuza bunduki atazame mdomoni. Kwa sababu hiyo walinzi na askari hufundishwa: silaha isipolia, mdomo wake ubaki umeelekea mahali salama, na mtu asubiri angalau nusu dakika. La pili, inalia kwa sauti ndogo, puu, na kichwa hukwama katikati ya mtutu. Mtu asiyejua hupiga tena. Kichwa cha pili hukutana na cha kwanza, na mtutu hupasuka mkononi. Mlio mdogo maana yake ni moja tu: simama, usipige tena.

SUMU ISIYO NA SAUTI

Madini ya risasi huua hata yasipopigwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake katika mwili kinachojulikana kuwa salama. Huingia kwa vumbi, kwa mvuke na kwa mikono isiyonawiwa. Hukaa katika mifupa miaka mingi. Mtu mzima huumwa tumbo na kichwa, na damu hupungua. Mtoto huchelewa kujifunza, naye huathirika kwa kiasi kidogo kuliko mkubwa.

Kwa hiyo usiyeyushe madini ya risasi jikoni, yawe ya risasi kuukuu au ya betri ya gari, wala sufuria yake isirudi kupikia mboga. Usimpe mtoto kichwa cha risasi achezee. Nyama ya mnyama aliyepigwa kihalali ikatwe kwa upana kuzunguka jeraha na kutupwa, kwa maana vipande vidogo sana vya madini husambaa mbali kuliko jicho linavyoona.

SHERIA NA WAJIBU WAKO

Nchini Tanzania, kumiliki silaha na risasi kunatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Asiye na leseni haruhusiwi kukaa na bunduki wala risasi, hata kama ni urithi wa babu na haijalia tangu uhuru.

Basi ukikuta risasi kuukuu au silaha, fanya hivi. Usiiguse, wala usiigonge kutazama kama ni nzima. Usiitupe motoni, chooni wala kisimani. Waondoe watoto. Weka alama mahali hapo. Mwambie mtendaji wa kijiji, au nenda kituo cha polisi ukawaeleze waje wenyewe. Na mwenye leseni aliye na risasi za zamani asizijaribu porini. Azipeleke zikaguliwe.

Ndugu wasikilizaji, moshi una sababu yake, madini yaliyoganda yana sababu yake, na shabaha iliyopotea ina sababu yake. Hakuna bahati wala uchawi ndani yake. Anayejua kusoma dalili hizo hujua pia wakati wa kuacha kitu mahali kilipo. Wazee walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Usiingie.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Neno "risasi" lina maana ngapi? Zitaje.
2. Kwa nini uchafu wa baruti nyeusi ni mgumu zaidi Dodoma kuliko pwani?
3. Madini yakiganda karibu na mdomo wa mtutu, sababu yake ni nini?
4. Askari wa Kijerumani walipata faida gani kwa bunduki zilizoachwa Tanga mwaka 1914?
5. Kwa nini risasi isiwekwe karibu na zizi?
6. Andika sentensi tatu za kumweleza jirani yako afanye nini akikuta risasi kuukuu shambani. Msomee mwenzako.